Sura ya Sita: Kuvua Mapambo ili Kuona

Msafiri atokaye Lamadi, akaiacha nyuma yake barabara kuu ya kutoka Mwanza kwenda Musoma na kushika njia ya lami iendayo kusini, hupita katika nchi pana ya udongo mweusi, ambayo wakati wa mvua huwa kijani kwa miche ya pamba na wakati wa kiangazi huwa rangi moja na manyoya ya simba. Na mwisho wa safari hiyo hufika Bariadi, mji wa Wasukuma uliopata hadhi ya kuwa makao makuu ya mkoa mwaka 2012, Simiyu ilipoumbwa kwa kumegwa kutoka Shinyanga na Mwanza. Nilifika mjini hapo mwezi wa Juni, majira ambayo pamba imeanza kupimwa katika mizani ya vyama vya ushirika vya msingi na fedha zake zimeanza kuzunguka madukani, na ambayo aghalabu kijana aliyetoa jasho lake shambani tangu Novemba hujipatia, miongoni mwa mahitaji mengine, simu janja ya kiasi cha mfuko wake.

Katika baraza ya fundi simu mmoja, chini ya bati lililokuwa likitoa joto lake la saa nane mchana, palikuwa na benchi lililokaliwa na vijana wanne, vichwa vimeinama, vidole gumba vikienda mbio juu ya vioo katika mchezo wa vita; nami, kwa kuwa nilikuwa nangoja simu yangu irudishiwe uhai, nikasimama nyuma ya mmoja wao nikatazama. Alikuwa ameivua simu yake ganda lake la mpira ili ipate hewa, kioo chake kilikuwa na ufa uliokwenda kutoka pembe moja hadi nyingine, na juu ya paja lake aliweka fumba dogo la pamba, pamba halisi ya shambani iliyotolewa mbegu kwa mkono, ambalo kila alipopata nafuu ya vita alifutia jasho la vidole. Lakini kilichonishangaza zaidi kilikuwa ndani ya kioo. Niliona nchi isiyo na vivuli, miti ilisimama kama fimbo zilizobandikwa majani ya karatasi, maji hayakumeta, kuta za nyumba zilikuwa na rangi moja bila mkwaruzo wala ufa, na mbingu ilikuwa tupu kama sahani iliyooshwa. Mimi niliyewahi kuuona mchezo huo huo katika matangazo, umejaa machweo na ukungu na nyasi zinazopeperuka, nilidhani kwamba chombo chake kimepata ajali.

"Kijana wangu, simu hii imeharibika kioo tu, au na michoro yake pia?" nilimwuliza alipokwisha kuuawa na kuinua uso.

"Shikamoo mzee," alijibu, kwa maana adabu ya nyumbani haikumtoka hata kwa uchungu wa kushindwa, na nilipokwisha kuitika akaendelea: "Haijaharibika. Nimeshusha mwenyewe. Uzuri unakula fremu, mzee, na adui hakungoji umalize kutazama maua."

Nimeyafikiri maneno hayo kwa muda mrefu, na kwa ajili yake nimeiandika sura hii. Maana yamo ndani yake maarifa ambayo mabingwa wa michezo ya kufyatuliana risasi mtandaoni waliyafikia kwa hiari wakiwa na mashine bora kuliko zote duniani, na ambayo kijana huyu aliyafikia kwa dharura akiwa na simu yenye ufa, wala hakuna aliyemfundisha.

Ili msomaji asiyecheza apate kuelewa fremu ni kitu gani hata iweze kuliwa, na aanze kwa kukumbuka kwamba picha inayokwenda kiooni haiendi hata kidogo. Ni msururu wa picha zilizosimama, kila moja ikiondolewa na kuwekwa nyingine mahali pake kwa kasi inayolihadaa jicho, na kila moja ya picha hizo huitwa fremu. Sinema kwa kawaida hutosheka na fremu 24 kwa sekunde. Lakini tofauti ya sinema na mchezo ni kwamba sinema imekwisha kuchorwa kabla mtazamaji hajaketi, ilhali mchezo huchorwa hapo hapo, upya, mbele ya mchezaji, kwa kuwa hakuna ajuaye kama sasa hivi atageuka kulia au kushoto. Simu yenye kioo cha vitone 720 kwa 1,600 ina vitone 1,152,000 vya kupakwa rangi katika kila fremu, na ikitakiwa kutoa fremu 60 kwa sekunde, ni vitone zaidi ya milioni 69 ambavyo ni lazima vipakwe rangi kabla mtu hajasema "moja." Na hiyo ni kazi ya brashi peke yake. Kila kivuli kinadai kwamba nchi yote itazamwe kwanza kutoka upande wa jua, ili ijulikane ni wapi nuru imezuiliwa, ndipo itazamwe tena kutoka upande wa mchezaji. Kila maji yanayometa yanadai hesabu ya kile kinachoakisiwa. Kila unyasi ni umbo lenye pembe zake, na nyasi ni nyingi.

Sasa, muda ni mmoja na haunyooshwi. Fremu 30 kwa sekunde maana yake ni kwamba kila fremu hukaa kiooni kwa sehemu 33 za elfu za sekunde. Fremu 60, chini kidogo ya sehemu 17. Fremu 90, sehemu 11. Na fremu 120, sehemu 8. Adui atokeaye kwenye pembe ya ukuta mara tu baada ya fremu kuwekwa, huyo kwa mchezaji hayupo hata fremu inayofuata ije, ingawa katika hesabu za mchezo amekwisha kutoka, amekwisha kulenga, na pengine amekwisha kufyatua. Mtu akinena kwamba sehemu chache za elfu za sekunde ni kitu kisichoweza kuhisiwa na mwanadamu, ninamkubalia kwamba haziwezi kuhesabiwa kwa akili, lakini zinajikusanya. Jicho na mkono wa mtu mzima huhitaji kiasi cha robo sekunde kuitikia jambo lililotokea ghafula, na wapinzani wawili wenye mikono sawa hutofautiana kwa kile kilichoongezwa juu ya robo hiyo na chombo kilicho mikononi mwao. Anayemwona mwenzake kwanza hufyatua kwanza.

Na kuna jambo baya kuliko uchache wa fremu, nalo ni fremu zisizolingana. Mchezo uendao kwa fremu 40 bila kuyumba humzoesha mchezaji. Kidole hujua umbali wake, na shabaha hutulia. Lakini mchezo uendao kwa 60 mtu anapotembea peke yake jangwani, kisha ukaporomoka hadi 20 pale moshi unapopanda na maadui watatu wanapotokea pamoja, humsaliti mtu wakati ule ule anapouhitaji. Joto ni sababu mojawapo kubwa ya usaliti huo. Simu ya kawaida haina feni. Chipu yake inapochemka hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na mchezaji asiyejua siri hii hulaumu mtandao, hulaumu fundi, hulaumu mkono wake. Baraza ile ya Bariadi ilikuwa na bati juu yake, na ndiyo sababu kijana aliivua simu ganda lake la mpira kabla ya kuanza. Alikwisha kujua, kwa kujaribu na kukosa, kwamba dakika kumi za kwanza za pambano hazifanani na dakika kumi za mwisho, na kwamba anayeshusha michoro tangu mwanzo hufika mwisho na simu ambayo bado ina nguvu.

Mchezo aliokuwa akiucheza ni PUBG Mobile, uliotoka mwaka 2018, ambao huwatupa watu 100 kwa miavuli juu ya kisiwa na kuwaacha wauane hadi abaki mmoja au kikosi kimoja. Waliouunda waliufahamu mvutano huu wa uzuri na wepesi, wakauweka wazi katika mipangilio: upande mmoja ngazi za michoro, upande wa pili ngazi za fremu, na katika simu nyingi mtu apandapo upande wa kwanza huona ngazi za juu za upande wa pili zimefungwa, na ashukapo hadi daraja la chini kabisa la michoro huziona zimefunguliwa. Ni mizani kama ile ya ushirika: huku kukipanda, kule kunashuka.

Niliposema kwamba mabingwa waliyafikia maarifa haya kwa hiari sikutia chumvi. Mwaka 1999 kampuni ya id Software ya Texas ilitoa mchezo wa Quake III Arena, ambao kwa siku zile ulikuwa fahari ya macho, kuta zake zimenakshiwa mafuvu na shaba na mawe yenye kutu. Na haukupita muda mrefu kabla ya wachezaji wakali kuigundua amri iitwayo r_picmip, ambayo kwa kupandishwa tarakimu moja hadi nyingine iliyafuta manakshi yale hatua kwa hatua, hata ikifika 5 kuta zote zikawa madoa laini ya rangi kama ukuta uliopakwa chokaa jana. Baadaye wakamvika kila adui rangi moja ya kijani kibichi kali, ili asipotee popote. Nyumba ya fahari ikawa ghala tupu lenye watu wa kijani. Na katika mchezo huo fremu zilikuwa na nguvu ya ajabu kuliko kuona tu, kwa maana hesabu za mwendo zilifungamana nazo, na kwa sababu ya jinsi mashine ilivyokadiria sehemu ndogo ndogo, mchezaji aliyepata fremu 125 kwa sekunde aliruka juu kidogo kuliko mwenzake, na kufika juu ya kingo ambazo mwenzake hakuzifikia. Picha iliyovuliwa nguo ilimpa mtu miguu.

Counter-Strike, uliozaliwa mwaka huo huo mikononi mwa vijana wawili, Minh Le na Jess Cliffe, kabla haujachukuliwa na kampuni ya Valve, una hadithi inayofanana na hiyo. Bingwa wa Ukraine ajulikanaye kwa jina la s1mple, pamoja na wengi wa hirimu yake, wamejulikana kwa kucheza katika vioo vipana vya gharama kubwa wakiwa wameishusha picha hadi vitone 1,280 kwa 960, umbo la runinga za zamani, kisha wakaivuta ijaze kioo. Miili ya maadui hunenepa kwa kuvutwa huko. Hasara yake ni kwamba pembe za kulia na kushoto hukatwa, na adui aliyenenepa hukatiza kioo kwa kasi zaidi. Kwa hiyo si kila bingwa anayeikubali biashara hiyo, na wale wanaoikubali wanajua walicholipa.

Hapo ndipo ninapotaka msomaji asimame nami, kwa sababu wengi waliosikia habari hii juu juu huichukua kuwa ni kanuni ya kushusha kila kitu, na kanuni hiyo ni ya mtu asiyetafakari. Katika Counter-Strike mabingwa wale wale walioikata picha hadi umbo la kale huviacha vivuli katika daraja la juu. Kwa nini? Kwa sababu kivuli cha mtu hutangulia mwili wake mlangoni, na aliyekishusha kivuli ili apate fremu chache amejinyima mpelelezi. Basi kazi yenyewe ni kupambanua, katika kila pambo moja moja, lipi ni pambo tupu na lipi ni habari. Ukungu ni pambo, tena lenye madhara. Mng'ao wa maji ni pambo. Majani yapeperukayo ni pambo linalojifanya habari, kwa kuwa jicho la mwanadamu huvutwa na kila kinachotikisika, na mchezaji aliyezungukwa na majani yanayotikisika hushtuka mara kumi kwa ajili ya upepo. Kivuli ni habari. Rangi ni habari. Kijana wa Bariadi alikuwa ameshusha kila kitu isipokuwa rangi, ambazo alizichagua zile kali kupita zote, na nilipomwuliza sababu alinyoosha kidole barabarani na kusema, "Mzee, ukimtafuta mtu kwenye pamba iliyopasuka, unamwona kwa shati."

Sasa nije kwenye nyasi, ambazo ndizo zilizonikosesha usingizi. Kisiwa cha Erangel, kilicho cha kwanza katika PUBG Mobile, kina kilomita 8 kwa 8, na nyasi zake hazichorwi zote, kwa sababu hakuna simu iwezayo kuzichora. Huchorwa zile zilizo karibu na mchezaji tu, na kadiri ashushavyo michoro ndivyo anavyozidi kuinyang'anya nchi mavazi yake. Basi mtu akilala kifudifudi katikati ya mbuga, akajiona amezungukwa na majani marefu pande zote, akatulia, akaamini kwamba amejificha, yule aliye mbali naye mita mia kadhaa hamwoni mtu aliyejificha. Anamwona mtu aliyelala juu ya ardhi tupu kama mkeka uliosahauliwa uani. Mmoja anaishi katika nchi yenye nyasi, wa pili katika nchi isiyo na nyasi, na wote wawili wanaambiwa kwamba wako mahali pamoja.

Kwa mtu aliyezaliwa Simiyu jambo hili lina ukali wake wa pekee, maana mashariki ya mkoa huu, Meatu na Itilima, nchi ya watu inapakana na nchi ya wanyama, na huko wazee walioshika pinde wanajua kwamba nyasi za mbugani ni kadhi asiyependelea: humficha simba kwa mwindaji, na humficha mwindaji kwa swala, na hakuna mwenye kununua jicho la kuzipenya. Mchezo umeondoa insafu hiyo bila kukusudia. Je, kushusha michoro ni hila? Jibu langu, baada ya kuligeuza swali hili mara nyingi, ni kwamba mlango uliofunguliwa na mwenye nyumba kwa wageni wote si mlango wa mwizi. Maadamu mpangilio umo katika orodha ya mchezo wenyewe, na kila mwenye kidole anaweza kuugusa, aliyeutumia hakumdhulumu mtu. Lakini yule aingiaye katika mafaili ya mchezo kwa siri, akafuta nyasi na vichaka ambavyo wenye mchezo walikusudia vibaki kwa watu wote, huyo ni mwizi, na simhurumii anapofungiwa. Baina ya hawa wawili mna uwanja wa mabishano, na wenye michezo huuhamisha mpaka wake wapendavyo: wenye kampuni ya Epic Games waliivumilia kwa muda mrefu picha ya kuvutwa katika mchezo wao wa Fortnite, kisha Januari mwaka 2019 wakaikataza katika mashindano, na waliokuwa wamezoesha mikono yao kwa zaidi ya mwaka wakalazimika kujifunza tena kupima umbali.

Nisije nikaeleweka kwamba ninadai kushusha michoro kumewasawazisha maskini na matajiri. Ningependa iwe hivyo. Lakini mwenye simu ya gharama kubwa naye anashusha, na anaposhusha anapata fremu 90 au 120, ilhali kijana wa baraza alitoka kwenye fremu 22 zilizomdhalilisha akafika kwenye 40 zilizomwezesha kupigana. Umbali kati yao umebaki, umepungua tu kutoka bonde hadi mfereji. Na nimemwona akiuruka mfereji huo mara mbili katika alasiri moja.

Kuna kitu kingine kilichonishughulisha siku zile, nacho kilitokana na mwezi wenyewe. Baada ya mavuno Usukuma huingia katika msimu wa mbina, ngoma za mashindano, ambamo jamii mbili za tangu jadi, Bagika na Bagalu, hukabiliana uwanjani. Na masimulizi yanazirejesha jamii hizo kwa waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, walioshindana ni yupi mwenye dawa ya kuvuta watu. Pande mbili hucheza kwa wakati mmoja, karibu karibu, na mwamuzi wao ni umati: upande utakaozungukwa na halaiki kubwa zaidi ndio ulioshinda. Kwa hiyo kila pambo ni silaha. Shanga, manyoya, njuga, vinyago vinavyotikisa vichwa, chatu aliyezungushwa shingoni, watu wanaotembea juu ya miti mirefu. Aliyezidi kupamba na kubuni amezidi kuvuta macho, na aliyezidi kuvuta macho amepata. Katika mbina, mchezaji akivua mapambo yake amejitoa mashindanoni kwa mkono wake mwenyewe.

Vijana wale wa benchini ni watoto wa hao wachezaji. Wawili kati yao, kama walivyoniambia, wangekuwa uwanjani Jumapili ile na njuga miguuni. Mchana mmoja walikuwa katika mashindano ambayo uzuri ni mzigo, na kesho yake wangekuwa katika mashindano ambayo uzuri ni ushindi, wala hawakuona shida yoyote kuhama kutoka huku kwenda kule. Walijua kwa hakika, bila kufundishwa falsafa, kwamba kule mtu anatazamwa na huku mtu anatazama. Nadhani hili ndilo wasilolielewa wazazi wengi waliolalamika kwangu kwamba simu imewapofusha watoto wao wasione mazuri ya dunia. Mimi niliyesimama nyuma ya benchi lile niliona watoto waliojua thamani ya kila zuri kwa hesabu ya fremu, wakajua lini walivae na lini walivue.

Lakini uko ukuta ambao hakuna mpangilio unaoubomoa, nao ni umbali. Risasi ya mchezaji wa Bariadi haimpigi adui pale kiooni. Ni habari inayosafiri hadi kwenye seva, yaani kompyuta inayouendesha mchezo, aghalabu ng'ambo ya bahari, ikahukumiwa huko na kurudishwa. Nuru ndani ya nyaya za kioo huenda kilomita kama 200,000 kwa sekunde, kasi inayoonekana haina mwisho mpaka mtu apige hesabu: seva iliyo umbali wa kilomita 6,000 haiwezi kujibu kabla ya sehemu 60 za elfu za sekunde kupita, hata kama waya ungenyooka kama uzi, nao haunyooki, unatoka kwenye mnara wa simu, unaingia katika Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, unavuka nchi nzima hadi pwani, unazama baharini. Kijana anayejitahidi kuokoa sehemu 10 kwa kuvua vivuli anaweza kupoteza 150 njiani. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilipoharibika upande wa kusini mwa bara, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizotiwa gizani, na benchi lile, kwa habari waliyonipa, lilikaa kimya siku kadhaa. Mwenye michoro ya juu na mwenye michoro ya chini wakawa sawa.

Walichofanya kuhusu umbali ni kuufahamu. Walijua kwamba alfajiri, watu wengi wakiwa wamelala, mtandao huwa mwepesi. Walijua ni nani kati ya makampuni ya simu aliye na mnara ulio karibu na upande upi wa mji, na mmoja wao alikuwa na laini tatu mfukoni kwa ajili hiyo. Walijua kwamba anayecheza kwa kuchelewa asijibizane risasi uso kwa uso, bali akae pembeni, alenge kwanza mahali ambapo adui hana budi kupita, na angoje. Hiyo nayo ni namna ya kuvua: mtu anaivua tamaa ya kupigana vita ambayo chombo chake hakiwezi kuipigana.

Jua liliposogea nyuma ya maduka na bati likaanza kupoa, fundi akanirudishia simu yangu. Vijana watatu walikuwa wamekwisha ondoka, bando zimewaishia. Yule wa kioo chenye ufa alibaki, chaji yake asilimia 14, na nikamwona anaingia katika mipangilio na kuzipandisha ngazi zote za michoro, moja baada ya moja, hadi pale simu yake ilipomruhusu. Nikamwuliza anafanya nini, maana kwa fremu hizo asingeweza kumpiga hata ng'ombe.

"Sipigani sasa, mzee," alisema. Aliingia katika uwanja wa mazoezi peke yake, akatembea taratibu, picha ikikwama kila hatua, akapita majumba na magari, akafika ufukweni. Vivuli vilikuwa vimerudi. Majani yalitikisika. Akaigeuza simu ili na mimi nione, ufa ukikatiza mbingu katikati, na tukakaa pale benchini tukiitazama bahari, yeye ambaye hajawahi kuiona na mimi niliyelelewa kando yake, mpaka kioo kikazima.